Tone la Mafuta ya Cherehani

Mama alikuja na kichupa cha mafuta ya cherehani yake kabla sijafungua hata skrubu ya kwanza.

"Haya yatafaa? Cherehani ikianza kulia, naitilia tone moja tu, inanyamaza."

"Yatafaa, mama."

Kompyuta ya baba ilikuwa mezani, ubavu bado umefungwa. Kwa miaka miwili feni yake ilikoroma, baba akaiita "mkwe", eti imekuja kutembea na haina habari ya kuondoka. Ikimchosha aliupiga ubavu makofi mawili. Inatulia kidogo, kisha inaanza tena. Kila aliponipigia simu nilimjibu, "Nakuja Jumamosi, baba." Jumamosi zikapita. Na fundi kompyuta wa familia ni mimi.

Tulimzika wiki tatu zilizopita. Juzi mama aliikuta sauti yake humo ndani, aliyoirekodi asubuhi ya kwenda kupasuliwa. Mwanzoni hakuambulia neno, mngurumo tu, akaizima. Akaniita: njoo utengeneze feni, tumsikie baba yako.

Nilijua kwamba kelele ilikwisha kurekodiwa pamoja na sauti, na kwamba kutengeneza feni leo hakutaiondoa. Nilitaka kumwambia pale mlangoni. Lakini alikuwa amevaa gauni lake zuri, kama anayesubiri mgeni. Nikashindwa.

Basi nikafanya kazi. Nilifungua ubavu, nikaiwasha, nikaizuia feni ya nyuma kwa kijiti cha kiberiti, kelele ikabaki. Nikaizuia ya kati sekunde moja, kelele ikakoma. Nikazima kompyuta, nikaichomoa feni hiyo, nikafagia vumbi kwa brashi, nikabandua kibandiko cha katikati na kudondosha tone la mama. Nilipoirudisha na kuwasha, kimya kabisa.

"Ona! Mikono ya baba yako hiyo," mama alisema, akivuta kiti. "Haya, mfungulie aongee."

"Mama, ile kelele imo ndani ya..."

"Mfungulie, mwanangu."

Nikabonyeza. Mngurumo ukajaa chumbani. Mama aliitazama feni, kisha akanitazama mimi. Mara tukasikia makofi mawili, pa, pa, na kwa sekunde chache baba alikuwa nasi, sauti safi:

"Msijali kelele hii. Binti yangu anakuja Jumamosi kutengeneza."

Mngurumo ukarudi hadi mwisho.

Mama alikifunga kichupa, akakifungua, akakifunga tena.

"Irudishe nyuma," alisema hatimaye. "Pale kwenye makofi."