Jiwe la Mdogo Wake

Miaka yote aliyofanya kazi ya kutunza michoro ambayo watu wa kale walichonga miambani, Dada hakuwahi kugundua hata mmoja. Alisugua kuvu, alipiga picha, alifukuza vijana waliokuja kuchora majina yao. Mdogo wake, aliyeajiriwa juzijuzi tu, alikwenda kujisaidia nyuma ya kichaka akarudi na swala.

"Swala mzima, Dada, amechongwa jiweni! Na pembe zake!"

"Tutaona," alijibu, roho ikimchoma.

Jiwe lenyewe lilikuwa nje kidogo ya hifadhi, upande wa machimbo ya kokoto. Mkuu wao alisubiri na kamba mkononi. Msimamizi wa machimbo alikuwa ameegemea tingatinga.

"Mimi naamini macho yako," mkuu alimwambia Dada. "Ukisema limechongwa, nasogeza mpaka. Ukisema ni mvua tu, huyu bwana avunje kokoto yake."

Dada na mdogo wake wakajifunika turubai kuzuia jua. Dada akalaza tochi ubavuni mwa jiwe, vivuli vikajaa kwenye kila kidonda. Swala akatokea: mgongo, pembe, goti limekunjwa. Alama za jiwe lililogongwa kwa jiwe zilifuatana moja baada ya nyingine. Mvua haigongi hivyo.

Mdogo wake alikuwa akimhemea begani. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni. Huyu akiingia jikoni, mama anacheka; Dada akisugua masufuria, anaambiwa ameacha masizi. Na sasa hili. Neno moja tu, mvua, na kufikia jioni pangebaki vumbi.

"Vipi, Dada? Siyo swala?"

"Usinihemee."

Akazima tochi.

"Nilitaka ujue wewe kwanza," mdogo wake alinong'ona. "Ndiyo maana mkuu nilimwambia baadaye."

Hata kwa wema alikuwa amemzidi! Dada akalivuta turubai kwa hasira.

"Limechongwa," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Mama, hebu tazama tena," msimamizi alisihi.

"Nimetazama. Ondoa tingatinga lako."

Mkuu akamkimbilia mdogo mtu. "Hongera, binti! Hongera sana!" Dada hakupewa hata mkono. Akaokota nyundo na kigingi cha mpaka mpya, akakipiga mbele ya jiwe mpaka ardhi ikatetemeka.

"Taratibu!" mkuu alicheka. "Hicho kigingi kimekukosea nini?"

"Hakijaingia vya kutosha," alisema, akapiga tena.