Mipira ya Pumzi

Ijumaa asubuhi fundi Rwabuhihi aliwasha moteri ya gari mara saba, na mara saba ikamfia mbele ya macho. Ilinguruma kidogo, ikatapika moshi mweusi kama wa tanuru la matofali, kisha kimya. Kanyagio la freni nalo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia.

Gari lilikuwa jipu la zamani, la enzi za Zaire. Mwenye gari alikuwa Gloriose, mjane wa tambarare ya Ruzizi aliyepika pombe ya mtama na kuiuza Uvira. Binti yake Délice alikuwa hospitalini Lemera, juu milimani, amepasuliwa ili mtoto atoke, na mshono haukumruhusu kushuka kwa miguu. Habari za milimani zilikuwa mbaya: vita vilikuwa vinasogea, na kuanzia Jumatatu hakuna gari ambalo lingepita. Jipu lisipopanda Jumamosi, Délice na kichanga chake wangebaki huko juu.

Karibirateri ya zamani, inayochanganya mafuta na hewa, ilikuwa imechoka. Kila mlima ilijaza moteri mafuta mpaka ikakabwa. Ndiyo maana Rwabuhihi alikuwa amefungua enjeksio nzima, mfumo wa kupuliza mafuta, ya gari lililopigwa risasi kwenye barabara ya Makobola, la ukoo uleule, akalivalisha jipu hili. Kazi ya wiki mbili. Chuma kilikubali chuma, nyaya zikakubali nyaya. Ilibaki mipira mitatu tu: mmoja wa kupima mzigo wa moteri, mmoja wa kurekebisha nguvu ya mafuta, na mmoja mnene wa kusaidia freni.

Mafundi wa Uvira waliiita mipira ya pumzi. Rwabuhihi akawaza kama mtu yeyote mwenye akili: pumzi huingilia puani. Akaiunga yote mitatu karibu na chujio, pale hewa inapoingia ikiwa safi.

Mchoro alikuwa nao, wa Kifaransa. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita, katika darasa la jioni la kanisa, na bado alisoma kwa kidole. Neno moja lilimshinda: *dépression*. Mwalimu wa darasa hilo alimwambia ni ugonjwa wa moyo kuzama, unaowapata watu waliokimbia vita sana. Rwabuhihi akakunja karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia kutoka Mulenge bila hata ng'ombe mmoja, lakini moteri ilikuwa na huzuni gani?

"Pasta," Gloriose alisema, akitua mtungi wake. Rwabuhihi hakuwa pasta, alimwita hivyo kwa sababu hafungui moteri kabla ya kuomba. "Mgonjwa wetu wa chuma iko namna gani?"

"Mama Délice, usinicheke. Nimefunga na kuomba tangu jana."

"Mungu amesikia. Sasa unangojea malaika ashuke na funguo ya boliti, ile ya kumi na mbili?" Aliinama juu ya moteri. "Hii mipira inafanya nini?"

"Inaleta pumzi."

"Inaleta, ao inavuta?"

Rwabuhihi aliupapasa ule mpira mnene mpaka kwenye chujio.

"Shida yenu waprotestanti, hamukunywaka pombe," Gloriose alisema. "Leta mukono."

Alitoa muheha, mrija mrefu ambao watu wa tambarare hunywea pombe kutoka mtungi mmoja. Akaweka ncha kwenye kiganja cha fundi, akavuta kwa upande wa pili. Ngozi ya kiganja ikainuka, ikashika.

"Hapa ndani ya moteri, nani anakunywa?"

"Mapistoni."

"Na kinywa chao?"

Rwabuhihi alionyesha bomba pana lililokuwa nyuma ya papiyo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta.

"Basi weye umeweka miheha yote inje ya kinywa."

Alikunjua karatasi. Neno lilikuwa palepale, na sasa likasomeka: nguvu ya hewa iliyoshuka. Si ugonjwa. Ni kiu. Alicheka mpaka akaketi juu ya gurudumu.

"Kanisani nitasema nani alinifundisha?"

"Sema ni pombe."

Alihamisha mipira yote nyuma ya papiyo. Kila mmoja aliuvuta kwanza kwa mdomo wake mwenyewe, ameziba upande wa pili kwa kidole. Ule mnene ulipiga mluzi, akaukata pale ulipopasuka na kuufunga upya kwa waya. Matundu yaliyobaki karibu na chujio akayaziba. Kisha akaweka mguu kwenye freni, akasema, "Bwana, asante kwa mwalimu uliyenipa, hata kama anauza pombe," akawasha.

Kanyagio lilizama taratibu chini ya mguu wake. Moteri ikashika, ikatulia, ikaendelea kunong'ona. Moshi mweusi hakuna. Gloriose alishika kiuno akasikiliza, na machozi yakamtoka.

Jumamosi fundi na Gloriose walipanda. Mwinuko wa kwanza, wa pili, kisha ule mrefu wenye mawe ambako jipu lilizoea kukabwa. Rwabuhihi alitega sikio kama mtu anayelinda mgonjwa. Moteri ilipanda kwa sauti ileile. Wachungaji walisimama na ng'ombe wao kando ya njia, wakalipungia mikono.

Uani mwa hospitali, nesi alimwomba Rwabuhihi azime moteri, wagonjwa wamelala. Alizima. Délice alipotoka polepole, mtoto akiwa kifuani kwa Gloriose, aliuliza kama kweli hilo gari limefika lenyewe, bila kusukumwa.

Rwabuhihi alimtazama nesi kwa kuomba radhi, akaliwasha tena.