Imewaka?

…na kama si fyuzi basi ni nini, maana fyuzi amezichomoa zote, moja moja, akaziinua kwenye jua, kale kauzi ka ndani hakajakatika hata kwenye moja, akazirudisha kila moja na tundu lake, na gari liko vilevile, limekufa fofofo, ufunguo umewashwa na dashibodi ni nyeusi tii, hata kale kataa kekundu kenye picha ya betri hakaonyeshi dalili, na yeye ameinama hapa chini ya boneti, shingo inamuuma, mikono imejaa grisi, mikono kama ile aliyokuwa akimgombeza mumewe asishikie nayo mapazia, nenda kanawe wewe, pazia si tambara, na leo angetoa chochote aione alama moja nyeusi ya kidole kwenye pazia… "Imewaka?" akauliza, kwa mazoea tu, boneti imesimama katikati yao na hamwoni mumewe aliyemkalisha kwenye kiti cha dereva, amkalishe wapi tena na ndani hawezi kumwacha peke yake. "Bado," ikaja sauti kutoka kitini. Haya, bado, atasema nini tena zaidi ya hilo, kiharusi kilipompiga kilizoa mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamsazia hilo moja, mwanamume aliyekuwa na mdomo kama cherehani, Fundi Shoti wa watu, fundi wa umeme wa magari, madereva walikuwa wanaleta gari zima ili wapate tu kisingizio cha kukaa kumsikiliza. Umeamka? Bado, na macho yako wazi. Umeshiba? Bado, na sahani tupu. Na ile asubuhi aliyomshika mashavu kwa mikono miwili akamuuliza, mzee, unanijua mimi ni nani, akamtazama, akamtazama weee, kisha akasema bado, naye akaenda bafuni akafungulia maji ya bomba ili asisikike analia, ingawa wa kumsikia alikuwa nani.

Daktari alisema kwa upole, "Mama, usilichukulie kama jibu, ni neno lililobaki tu, linatoka lenyewe," na wifi yake, dada wa mume, akalidaka hapohapo, na tangu siku hiyo ndio wimbo, wifi, umehangaika vya kutosha, kaka hajui yuko wapi wala yuko na nani, kwangu kuna nafasi, kuna watu, wewe utabaki na nini hapo, na maneno yenyewe hayakuwa mabaya, wifi si mtu mbaya, ndiyo maana alishindwa kuyajibu, akakubali, akasema sawa, njoo umchukue, na leo alasiri anakuja, begi liko tayari mlangoni, mashati amekunja mwenyewe, na gari nalo linakwenda, lisiozee uani, ndiyo sababu yuko hapa tangu asubuhi, angalau liondoke kwa miguu yake, lisikokotwe kwa kamba majirani wakichungulia. "Jirani, hilo gari litakuua," ndiyo huyo, sauti ya mwanamke wa nyumba ya pili juu ya ukuta, kitu kuhusu kumwita fundi, kitu kuhusu jua, akamjibu eeh, eeh, bila kusikia, kumwita fundi yupi na fundi amekaa hapo ndani… Mjane watu wanamjua, wanakuja kukaa naye, wanamletea chakula, lakini yeye mume anaye, wanauliza mgonjwa anaendeleaje, wanaondoka, na nyumba inarudi kimya. Mwanzoni alikuwa akimsimulia kila kitu, nyanya zimeoza zote, mbwa wa jirani amezaa, kisha maneno yakaanza kupungua yenyewe, mtu huchoka kuongea na ukuta, mwisho akawa anamlisha kimya, anamgeuza kimya, anamfunika kimya, na redio inaongea badala yao. Mpweke. Basi, ndilo neno lake, la nini kulizunguka, alikuwa mpweke akiwa amelala ubavuni pa mtu, na upweke huo ndio unaouma zaidi.

Spana ishike vizuri, isiteleze… nini alichokuwa akisema yule bwana, jioni, yeye akikatakata vitunguu na mume ameegemea mlango wa jiko, umeme wa gari, mke wangu, ni msafiri, unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi, unafika kwenye taa, unafanya kazi yake, halafu lazima urudi betri, usiporudi hakuna kitu, na kwenda unakwenda kwa waya lakini kurudi unarudi kwa bodi, bati lote hili unaloliona ni njia ya kurudi. Unanisikiliza? Nakusikiliza. Nimesema nini? Umesema vitunguu vinaniliza. Akacheka mpaka akakaa chini. Na alisema kitu kingine, alisema mafundi wa siku hizi gari likifa lote kwa mpigo wanakimbilia fyuzi, mimi nakimbilia ule waya mweusi mnene unaotoka betri na kufungwa kwenye bodi… waya mweusi. Huu hapa. Bolti imekaza, kwa nje haina tatizo, lakini alegeze tu aone, inagoma, inalia, imekubali, na kichwa cha waya kikatoka na unga mweupe na kijani, kutu tupu, chini yake bati la bodi halionekani. Hebu angalia. Miezi yote hii. Akachukua kisu cha jikoni alichokuja nacho, akakwangua bodi, akakwangua kichwa cha waya, mpaka vyote viwili vikang'aa, akaukandamiza waya pale kwa dole gumba, kwa nguvu, akauliza bila kuinua kichwa, "Imewaka?"

Kimya.

Amelala, hilo ndilo la kwanza lililomjia, jua limemlaza, na la pili hakutaka kulimaliza, neno moja alilokuwa nalo nalo limeondoka, akataka kuutupa waya akimbie kitini, mguu mmoja ulishatoka… halafu akakumbuka Jumapili zile, yeye ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha dereva kutazama taa na mume akiwa huku chini ya boneti, imewaka, bado, imewaka, bado, na siku ile taa ilipowaka akapiga kelele kwa furaha, imewaka, mume akashtuka, akajigonga kichwa kwenye boneti, waya ukamponyoka na mahali penyewe pakapotea, wakahangaika mpaka giza, na kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba, mke wangu, isipowaka sema bado, ikiwaka funga mdomo. Ikiwaka funga mdomo. Hakuna mwingine aliyekuwa anaijua, wifi haijui, daktari haijui. Polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto, akainua dole gumba, waya ukaachana na bodi.

"Imewaka?"

"Bado."

Akaukandamiza. "Imewaka?" Kimya, na safari hii akausikiliza ule ukimya, ulikuwa na mtu ndani yake. Akauachia. "Bado," mume akasema mwenyewe hata kabla hajaulizwa, tena kwa ile sauti ya kukereka kidogo, ya fundi anayechezewa kazi, na yeye akaegemea taa ya mbele, Mungu wangu, yumo, muda wote huu alikuwa yumo, anamsikia akizima redio, anamsikia bafuni, alikuwa na neno moja mkononi na yeye mkewe anamrushia maswali ambayo neno hilo halitoshi, kisha anamnyamazia kama samani… Simu ikaanza kutetemeka mfukoni, wifi, yuko njiani, atasema yuko njiani, na begi liko mlangoni. Mume hatakwenda. Atamwambia nini wifi hajui, atamwambia gari limegoma, atamwambia njoo ule uondoke, akaiacha simu itetemeke mpaka ikachoka. Boneti iko juu, shingo inamuuma, grisi mpaka viwikoni, waya mkononi, na upande wa pili mtu anasubiri kuulizwa, na yeye akatafuta swali, alitafuta kwa makini kama anayechagua spana, lisiwe kubwa, lisiwe dogo, litoshe pale pale.

"Mzee," akasema, akaacha, akaanza upya. "Mzee, umeshanichoka?"

"Bado."