Chuma Kilichoshtuliwa

Nyundo nne nilizotengeneza, vile vyuma vinavyoponda nafaka ndani ya mashine, zilivunjika asubuhi moja ya Jumatano, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikatoboa chekeche la mashine ya kusaga. Ulikuwa mwaka 1983. Vipuri havikupatikana Musoma wala Mwanza, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mimi Florian, fundi mwenye cheti, niliokota vipande nimeinamisha kichwa ili akina mama wasinione uso.

Mashine ilikuwa yao, pale kijijini karibu na Butiama. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Petronila, aliwaongoza kulima pamba misimu mitatu ili kuipata. Sasa halmashauri ya kijiji ilikuwa imetamka: isiposaga kufikia Jumamosi, itahamishiwa kijiji kingine.

"Twende kwa Keraryo," Mama Petronila akaniambia.

Nilikasirika, sifichi. Keraryo alikuwa mfua majembe asiyejua hata kusoma. Lakini kesho yake nilimpelekea nyundo nyingine nne, nilizozikata kwenye springi ya lori bovu kule Buhemba na kuzitosa majini zikiwa bado nyekundu.

Mzee akaigonga moja kwa ukucha, akaisogeza sikioni.

"Hii ni ngumu mpaka haijiwezi," akasema. "Umeishtua, fundi. Kila chembe ya ndani imekamatwa ikikimbia, haikupata pa kukaa. Sisi tulikuwaga tunaipa joto dogo, ijipange."

Akazilaza ndani ya samadi kavu iliyofukuta bila mwali, akafunika kwa majivu. Kila baada ya muda alichomeka unyoya wa kuku. Ukijikunja taratibu, anaridhika; ukiungua, anapunguza samadi. Alifanya hivyo kutwa nzima, wala hakuchoka kuinama.

Jioni nikanyoosha koleo nizitoe. Akanishika mkono.

"Ziache zipoe zenyewe."

"Mzee, Jumamosi ni keshokutwa."

"Zenyewe hazijuagi Jumamosi."

Niliona aibu, maana jambo lile nililijua. Chuoni tulifundishwa kwamba chuma kilichopozwa ghafla hupashwa tena kwa joto la chini, la sivyo kitavunjika kama kioo. Niliiruka hatua hiyo kwa haraka zangu. Yeye aliishika miaka arobaini bila daftari, na mkono wake ulikuwa na hakika kuliko kipimajoto chochote nilichowahi kushika. Nilimwonea wivu kwanza. Halafu nikampenda.

Jumamosi katibu wa halmashauri akaja na trekta na kamba za kufungia mashine. Keraryo akalaza nyundo moja juu ya mawe mawili, akaipiga katikati kwa rungu la chuma. Mama Petronila akafumba macho. Nyundo ikapinda kidogo, ikajirudi.

Tukazifunga zote; chekeche nilikuwa nimekwisha kuliziba. Mashine ikanguruma, unga ukatoka debe la kwanza, la tatu, la kumi. Wanawake walikuwa wakipokea huku wakitazama trekta likigeuza.

Katibu akanipa mkono. "Hongera, fundi. Umewaokoa hawa mama."

Mama Petronila alinitazama. Ningeweza kuitikia tu, mambo yakaisha.

"Ni Mzee Keraryo," nikasema. "Mimi ndiye niliyevunja zile za kwanza. Nilijua la kufanya, nikaona uvivu kusubiri."

Nilijiandaa kufukuzwa. Mama Petronila akafungua fundo la khanga yake, akatoa ufunguo wa chumba cha mashine, akauweka mkononi mwangu.