Boko-boko la Alhamisi

Mama mkwe wangu Bi Mayasa nampenda, lakini mwaka jana alinikosesha raha. Mie ndiye mgawaji wa dawa ya kichocho mtaani kwetu Chaani. Sheria ni mtu anywe mbele yangu. Alhamisi moja mchana nilimpa vidonge, akasema, "Viweke, Wanu, ntavinywa baadaye." Nikamwonea haya, mkwe ni mkwe. Magharibi akavinywa, akaanguka barazani, akatapika mbele ya majirani. Basi, dawa yangu ikawa sumu.

Mwaka huu nilizunguka na fimbo yangu ya kupimia kimo, ndiyo inayonambia mtu anywe vidonge vingapi, kila mlango hawataki. Hata jirani yangu Nassra, na bintiye Ulfat anakojoa damu.

"Mkweo nilimshika kichwa mwenyewe," akaniambia. "Mwanangu simpi."

"Ukiinywa na njaa inatia kizunguzungu, sikatai. Ndiyo maana nasema mtu ale kwanza."

"Njaa gani? Mchana ule nilimletea boko-boko la ngano na nyama kwa mkono wangu."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamwambia mama mkwe yote, mpaka damu ya Ulfat. Aliacha kuchagua mchele. Kisha akavaa buibui lake, akatoka. Nikamfuata.

"Shikamoo, Bi Mayasa," Nassra akasema mlangoni.

"Marahaba. Mwanangu, lile boko-boko sikulila, nilimpa fundi wa paa. Nilikuwa nimefunga. Jumatatu na Alhamisi nafunga tangu alipokufa mume wangu, namwombea. Hajui mtu, hata huyu Wanu. Adhana ilipolia nikafungulia kwa vidonge na maji, nsije nkamvunja moyo."

Miaka kumi na moja naishi naye nyumba moja. Nilishindwa kumtazama, machozi yalishanijaa.

"Ilikuwa siri yangu na Mola wangu," akasema taratibu. "Sasa mpe mtoto chakula, kisha anywe dawa."

Ulfat alikula wali, akasimama penye fimbo, akameza vidonge vyake. Hakuanguka. Majirani waliokuwa wakichungulia wakaanza kufungua milango, na kufikia alasiri nilikuwa nimemaliza mtaa mzima.

Alhamisi iliyofuata, saa saba mchana, Nassra alileta bakuli la boko-boko, kama mtu asiyejua kitu. Mama mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hatukumuuliza amelipeleka wapi.