Usafi wa Kumpokea Mkaguzi

Fundi cherehani alinusa chokaa mbichi kabla hajafika mlangoni, akajua mambo yameharibika.

Asubuhi, kabla ya kwenda kupeleka nguo za wateja, alikuwa amewaonya watu wa nyumbani kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Hakuna kugusa kitu! Mtu wa bima anakuja mchana, akute kila kitu kama mafuriko yalivyokiacha." Na sasa sakafu ilikuwa inang'aa. Godoro lililooza lilikuwa limetupwa, kabati lililovimba limepasuliwa kuni, na ule mstari wa tope uliozunguka kuta zote usawa wa kifua umepakwa chokaa hadi ukapotea. Mama mkwe alisimama katikati ya sebule na ufagio mkononi, jasho likimtiririka, uso umejaa furaha.

"Nimewaita wenzangu tukasaidiana," alisema. "Mgeni mkubwa kama huyo akanyage tope nyumbani kwangu? Watu watasemaje?"

"Mama, tope ndilo alilokuwa anakuja kulitazama!"

"Ala! Nani anatoka kwake kuja kutazama tope?"

Mama mkwe hafokewi. Mume wa fundi, dereva wa lori, alikuwa safarini, na hata angekuwepo asingethubutu kumwambia mama yake neno. Kwa hiyo fundi alijikaza kisabuni, akaenda chumba cha nyuma kuutazama ukuta. Huo ndio uliokuwa unamnyima usingizi. Maji yalikuwa yameula kwa chini mpaka ukainama, na mvua nyingine zikija kabla haujajengwa upya, ungeanguka na kulivuta paa lote. Bila fidia ya bima, hakuwa na namna nyingine ya kuujenga. Na wale kina mama, Mungu awasamehe, walikuwa wameziba hata nyufa zake, wakapaka chokaa juu.

Mchana mkaguzi akaja, amevaa viatu vya kung'aa, akiongozana na wakala wa bima. Wakala mwenyewe alikuwa shemeji yake fundi, mdogo wake mume, ambaye ukoo mzima ulimwita Usijali kwa sababu hakuwa na jibu jingine. Ndiye aliyewauzia bima hiyo akiwa amekaa sebuleni humuhumu. Mafuriko yamo? Yamo, shemeji, usijali.

Mkaguzi alizunguka vyumba vyote, akagusa kuta kwa kidole kimoja.

"Hongereni," alisema. "Nyumba safi kweli. Sasa madhara yako wapi?"

Mama mkwe alianza kushukuru kwa kusifiwa. Fundi akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Akaeleza habari ya usafi na chokaa, akasema picha zote zilikuwa kwenye simu iliyozama, akataka majirani waitwe.

"Dada yangu, majirani nao wanatafuta fidia zao," mkaguzi alisema kwa upole uliokera kuliko matusi. "Shahidi ninayemtaka mimi ni ukuta. Na ukuta wenu hausemi kitu."

Hapo hasira zikampanda fundi hadi utosini. Aliingia jikoni, akatoka na nyundo, akampita mkaguzi bila kumtazama, akaupiga ukuta wa nyuma pigo moja. Chokaa ikamwagika, tofali likabomoka kama mkate uliolowa, na maji ya tope yakachuruzika hadi kwenye vile viatu vya kung'aa.

"Haya! Umesikia sasa unavyosema?"

Mkaguzi aliruka nyuma, akapangusa kiatu, kisha akatoa kalamu.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema. "Umeuvunja mwenyewe. Kampuni haimlipi mtu anayebomoa nyumba yake."

Fundi alimgeukia Usijali. Siku ya maji alikuwepo. Ndiye aliyeingia akiogelea vyumbani, akamtoa mama yake mgongoni, mama analia, maji yamewafika kifuani.

"Shemeji, mwambie! Ulimbeba mama kutoka chumba hiki hiki!"

Usijali alimtazama mkaguzi, akatazama chini, akakohoa.

"Shemeji, mimi hapa niko kazini," alisema. "Siwezi kutoa ushahidi kwenye kesi ya ndugu zangu. Kanuni hairuhusu."

Mkaguzi akamwitikia kwa kichwa kumsifu, akaaga, akatoka. Usijali alibaki kidogo, akijaribu kupoza mambo, eti watakata rufaa, eti yeye mwenyewe atafuatilia.

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni pale palipomwagika tope, chokaa imemganda vidoleni. "Nimewaponza, wanangu," alisema.

"Ndiyo, mama, umeniponza," fundi alisema, na hakuona aibu kulisema. "Nina hasira na wewe, nina hasira mpaka natetemeka. Lakini wewe ulikosea ukitaka kutupatia heshima. Huyu mwanao hakukosea kitu. Amejua anachofanya."

"Shemeji, usijali, tuta—"

"Nyamaza," mama mkwe alisema.

Hakupaza sauti. Aliinuka taratibu akishika ukuta uliobaki, akamsogelea mwanawe hadi karibu kabisa.

"Mvua zikirudi na maji yakaingia humu," alimwambia, "usije kunibeba. Niache hapa hapa. Utamleta bosi wako anione, ndipo mtakuwa na ushahidi."

Usijali aligeuza macho kwa shemeji yake, akingoja aingilie kati, amwambie mama asiseme maneno mazito namna hiyo. Fundi alimshikilia mlango wazi mpaka akatoka.