Nta ya Mikoba

Mzee alipoiona mikoba ya baiskeli yake ikining'inia juani, nusura aketi chini.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, baba," binti yake akajibu, tabasamu usoni. "Nimeifua kwa maji moto na sabuni ya unga. Nilitaka uikute inang'aa."

Iling'aa kweli, na hapo ndipo penye balaa. Miaka yote aliyosambaza barua kwa baiskeli, mikoba ile ya turubai haikuonja sabuni. Aliisugua kwa brashi kavu, akaifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, akaianika kivulini, kisha akaipaka nta ya nyuki. Mvua inyeshe itakavyo, barua zilifika kavu. Mzee alikuwa na maringo juu ya jambo hilo, na yeyote aliyemkaribisha chai alijua atalisikia tena kabla kikombe hakijaisha.

"Sabuni imetoa nta yote," akasema kwa ukali. "Sasa hiki ni kitambaa tu. Na kesho unapeleka nini humu?"

Binti akanywea. Alikuwa fundi cherehani, na kesho alipaswa kupeleka gauni la kwanza la bibi harusi alilolishona peke yake. Njia ya kwa bibi harusi haipitiki kwa gari mvua ikinyesha, na mawingu yalishaanza kutanda. Gauni likilowa, jina lake la ufundi limekwisha kabla halijaanza.

"Basi nifundishe," akasema.

Mzee hakuwahi kumpa mtu kazi hiyo. Lakini mikono yake siku hizi ilitetemeka hata chai ikamwagika. Akampa brashi. Wakayeyusha nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, binti akapaka, mzee akatoa amri akiwa kwenye kigoda.

"Kwenye mishono, mama! Mishono ndiyo inayokunywa maji."

"Mishono niachie mimi, baba," binti akacheka. Akaweka brashi chini, akachovya kidole, akaipitisha nta kwenye kila tundu lililotobolewa na sindano, taratibu. Mzee akainama kutazama. Yeye mwenyewe hakuwahi kufikiria kidole.

Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika. Desturi ya mzee ilikuwa kuijaribu nta mpya kwanza: kutia mkobani shati lake jeupe la kutokea, na kuumwagia mkoba ndoo nzima ya maji. Binti akaleta ndoo. Shati hakulikuta mahali pake, maana mzee alikuwa amelivaa.

"Leo hatujaribu," akasema. "Pakia gauni."

Binti alipoondoka na baiskeli, mzee akashinda barazani na shati lake, roho juu, akichungulia njia.

Binti alirudi amelowa chapachapa. Akafungua mkoba uliokuwa na gauni, akaushika mkono wa baba yake, akauingiza ndani mpaka kwenye pembe za chini. Mzee akapapasa, akapapasa tena, machozi yakimlengalenga.

"Kavu!" akapaza sauti, majirani wakafungua madirisha. "Njooni mguse! Kaipaka binti yangu!"